Goli la Upande wa Ziwa

Niliondoka Migori jana Ijumaa kwa sababu nilikuwa nimechoka kutukana. Msicheke. Shabiki wa Dhahabu akitukana msimu mzima, mwishowe matusi yenyewe yanamwishia mdomoni, anabaki kukohoa tu. Timu yetu ya ligi kuu, wachezaji wanaolipwa mshahara na kupewa viatu, imefungwa na kila aliyejitokeza na mpira. Sasa imebaki mechi moja, kesho Jumapili, kwao Wavuvi, Homa Bay. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukitoka hata sare, tunashuka daraja, na tutarudi kucheza kwenye viwanja ambavyo ng'ombe wanatangulia kuingia kabla ya refa.

Na mambo ya Homa Bay mnayajua. Odhiambo, mshambuliaji wetu wa namba tisa, yule tuliyempa jina la Nyundo, anafunga kila mahali isipokuwa huko. Nairobi anafunga, Mombasa anafunga, hata kwenye tope la Kisumu anafunga. Akikanyaga Homa Bay, kwisha! Kipindi kimoja anacheza kama siku zote, kipindi kingine anasimama katikati ya uwanja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Msimu uliopita alibaki yeye na goli, kipa wao yuko chini anakula nyasi. Nyundo akasimama. Akageuka. Akarudisha mpira nyuma kwa beki wetu! Siku hiyo nilirusha kiatu changu uwanjani, na hadi leo sijakiona.

Basi Alhamisi jioni kibanda changu cha kunyoa kilijaa watu wasiotaka kunyolewa. Neno lilikuwa moja tu: Nyundo amenunuliwa na Wavuvi. Kocha mwenyewe alikuja akasimama mlangoni akasema, "Nileteeni ushahidi kabla ya Jumapili. Nitamwacha hapa Migori, na jezi ya manjano hataivaa tena." Macho yote yakanigeukia mimi, maana ndimi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote. Nikasema haya, nitakwenda mimi. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.

Ijumaa asubuhi nilipanda lori la soda la Chacha. Chacha ni dereva wa Isebania, Mkuria mnene mwenye sauti ya ngoma, na kichwa chake nimekinyoa tangu kilipokuwa na nywele za kunyolewa. Alikuwa amevaa kaptula ya khaki kwa sababu ya joto la injini. Nyuma yetu chupa zilikuwa zikigongana mpaka tukawa tunazungumza kwa kupiga kelele.

"Huyo Nyundo wenu ni mwizi!" alisema tulipofika Awendo, harufu ya miwa imejaa ndani ya gari.

"Si wetu peke yetu. Ni wako pia."

"Akiwa mwizi ni wenu. Akifunga ni wetu sote," akasema Chacha, akacheka mwenyewe.

Tulipofika Rongo jambo likatokea ambalo nililiona la kuchekesha tu. Chacha alisimamisha lori mbali na duka alilotakiwa kupelekea soda, akateremka kwenye kiti mpaka kichwa chake kikawa usawa wa usukani, akavuta kofia machoni.

"Bwana kinyozi," akaninong'oneza, mtu ambaye hajui kunong'ona, "nipelekee kreti mbili pale dukani. Tafadhali."

"Una deni?"

"Deni gani! Huyo mama muuzaji ni mama wa mke wangu. Nimuendee na mapaja haya? Unataka nilaaniwe?"

Nilibeba kreti zile huku nikicheka mpaka nusura nizivunje. Mama mwenye duka aliniuliza dereva yuko wapi, nikasema anaumwa tumbo. Alinipa ndizi nimpelekee mgonjwa. Chacha alizila zote kabla hatujafika Rodi Kopany, nami nikaendelea kumcheka hadi kilima cha Asego kilipojitokeza mbele yetu na ziwa likaonekana chini yake.

Homa Bay, saa saba mchana. Chacha aliniteremsha karibu na ufuo, tukapatana kwamba atanichukua Jumamosi asubuhi akirudi na chupa tupu. Omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu na kina mama walikuwa wakiwafukuza ndege. Sikutaka kutazama ziwa. Nilikwenda moja kwa moja uwanjani, ambako Wavuvi walikuwa wakifanya mazoezi, nikakaa kwenye nyasi na kofia yangu ya manjano nimeificha mfukoni.

Niwape habari za mpira kwanza, maana najua ndizo mnazotafuta. Kipa wao ni mrefu lakini mipira ya chini inamtesa. Beki wao wa kulia ni mzito, akigeuka unaweza kunywa chai. Wanaotisha ni wale wawili wa kati, mapacha, wanaopeana mpira bila kutazamana. Winga wetu akimkimbilia yule beki mzito na kupiga krosi ya chini, mtu wa namba tisa hana kazi ila kuusukuma tu. Nilikaa pale nikahesabu hivyo moyoni, nikazidi kukasirika. Kumbe mechi hii inashindika! Inashindika kabisa, kama si kwa ule mguu uliouzwa.

Pembeni yangu alikuja kukaa mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa ni Ogutu, mwenyekiti wa mashabiki wa Wavuvi. Nikamwambia mimi ni mnunuzi wa omena. Nikamchokoza kidogo.

"Mzee, Jumapili mtawamaliza hawa Migori."

"Wapi!" akasema. Uso wake ulikuwa na hofu kweli. "Wale wana Nyundo. Mimi tangu Jumatatu sijalala vizuri."

"Lakini nasikia hapa huwa hafungi."

"Hata sisi tunashangaa! Kila mwaka tunasema huu ndio mwaka wake, anatuua, kisha anaturudishia mpira. Mimi nafikiri anatuonea huruma kwa sababu ni shemeji yetu. Ameoa hapa. Unaona hoteli ile ya mabati ya kijani, pale nyuma ya goli la upande wa ziwa? Hiyo ni ya mama mkwe wake. Ana vyumba pia, ukitaka mahali pa kulala."

Ameoa hapa. Misimu mitatu tunahangaika kutafuta mchawi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Wakwe zake ndio waliomshika! Nilimshukuru yule mzee, nikatembea kuelekea mabati ya kijani nikiwa tayari nimepanga maneno nitakayomwambia kocha.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeketi ndani ya hoteli ile. Mama Akinyi, mwenye hoteli, ni mama mwembamba wa miaka hamsini na kitu, anayezungumza huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Ni Msabato, na jua lilikuwa linaelekea kuzama, basi alikuwa mbioni.

"Kula upesi, mwanangu. Jua likizama sipiki wala siuzi hadi kesho jioni. Mgeni atakula kilichopo."

Alinipa samaki aina ya ngege wa kukaanga, ugali na mrenda. Akaniuliza natoka wapi. Nilisahau kabisa omena zangu, nikasema Migori.

Mikono yake ilisimama.

"Migori! Unaijua Dhahabu?"

"Naisikia tu," nikasema, nikijifanya natafuta mwiba.

Aliingia chumbani, akatoka na leso. Yawa! Ilikuwa ya manjano, manjano yetu kabisa, ile ya jezi. Aliikunjua mbele yangu kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

"Mji huu mzima, mtu wa Dhahabu ni mimi peke yangu," akasema. "Wananitania sokoni, wananiita msaliti, nami siwajali. Namba tisa wenu amemuoa binti yangu Akinyi. Kila mkija nafunga hoteli, najifunga hii kichwani, naenda kukaa pale nyuma ya goli, karibu kabisa na nyavu. Uwanja wote unamzomea. Nataka akiinua macho ajue ana mtu wake mmoja."

"Goli lipi, mama?"

"Hili hapa. La upande wa ziwa."

Mwiba ulinikwama kooni. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, akanipiga mgongoni na kunipa tonge la ugali nimeze. Mwiba ulipopita, nikaanza kuhesabu. Kipindi ambacho Nyundo anacheza vizuri Homa Bay, tunashambulia upande wa mjini. Kipindi ambacho anakufa ganzi, tunashambulia upande wa ziwa. Misimu yote mitatu! Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu mawili, na sikuona kitu.

"Mama," nikasema, "yeye huwa anakuona?"

"Ananiona! Mwaka jana tulitazamana uso kwa uso. Kipa alikuwa chini. Nilisimama nikampungia leso, nikapiga kelele, 'Piga, baba! Piga!'"

"Naye?"

"Akageuka." Alikunja leso polepole. "Sijui anaogopa nini hapa kwetu. Nimefunga kula kwa ajili ya ule mguu wake, nimeuombea kanisani. Au mnampa chakula kibaya?"

Salale! Moyoni nilimwona Chacha kule Rongo amejikunja chini ya usukani wake na kofia machoni, nami nikibeba kreti na kucheka. Ninyi wa kwetu hamhitaji kuelezwa. Mama mkwe si mtu wa kumwendea ovyo. Humpi mkono ovyo, hulali nyumba moja naye, humtazami machoni, na uchi wako, hata wa paja, haufai kumfikia. Wakuria wenzetu wanalishika jambo hili hata kutupita. Na Nyundo wetu alilelewa na bibi yake kule Karungu, bibi wa mambo ya zamani, asiyetaka mchezo na mwiko.

"Mama, alipokuja hapa kuposa, alikaaje?"

Alitabasamu. "Alikuja na koti. Joto lote hili la ziwa, koti la sufu! Alikaa pale karibu na mlango, akatazama sakafu, jasho linamtoka. Nikamtumia neno, mwambieni mwanangu avue koti, sisi ni watu wa kanisa, mambo ya kale tuliyaacha zamani. Hakuvua."

"Mama," nikasema, "lile koti hajalivua mpaka leo."

Hakunielewa mara moja. Alinitazama, akatazama dirishani ambako nguzo za goli zilionekana, akatazama leso. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, na natamani nisingaliuona.

"Kaptula," akasema.

"Kaptula, mama."

Alikaa chini kwenye benchi mkabala nami, akafunika mdomo kwa ile leso.

"Nilidhani uwanjani ni kazini," akasema. "Nilidhani mtu akiwa kazini, ukwe unabaki nyumbani. Kwa hiyo mbaya wake ni mimi. Misimu mitatu mimi nasimama, nampungia, namwita baba, na mtoto wa watu anataka ardhi immeze." Kisha akaniinulia macho, na hayakuwa ya upole tena. "Na ninyi huko Migori, mnasemaje akirudi bila bao?"

Nilitazama mrenda wangu.

"Nakuuliza, mwanangu. Mnamwita nani?"

"Mwizi," nikasema. "Tunasema ameuza mechi. Nimetumwa kutafuta aliyemnunua."

"Mwizi!" Alisimama kwa ghafla, benchi likaanguka. "Kijana aliyekaa na koti la sufu mbele yangu tangu asubuhi hadi jioni kwa heshima tu, mnamwita mwizi? Na angewaambia nini? Awaambie mama mkwe wangu anatazama mapaja yangu? Afadhali afe!"

Jua lilizama tukiwa hivyo. Hakuosha vyombo wala hakuwasha jiko. Alinionyesha chumba changu kwa kidole, akaingia chake, na nikasikia wimbo wa kufungua Sabato ukianza, ukakatika katikati, ukaanza tena.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa nguo nyeupe za kanisani, Biblia mkononi. Usiku nilikuwa nimeunda ushauri, na nilijiona mwerevu.

"Mama, kesho usivae manjano. Kaa upande wa pili, ndani ya watu, hatakuona."

"Atanitafuta," akajibu. "Atazame upande huu, atazame upande ule, nipo au sipo. Mtu anayetafuta mtu uwanjani hafungi bao. Lazima ajue kabisa kwamba sipo."

"Basi nitamwambia mimi."

"Umwambie nini? Kwamba tulikaa wewe na mimi tukayajadili mapaja yake?" Alitikisa kichwa. Kisha akanipa ile leso, imekunjwa vizuri, bado ina harufu ya sabuni. "Mpelekee Akinyi. Mwambie aianike mahali mume wake atakapoiona. Leso ikiwa Migori, kichwa changu hakiko uwanjani. Hatahitaji kuambiwa na mtu."

Niliipokea kwa mikono miwili.

"Na wewe mwenyewe," akaendelea, "uliyomsingizia mbele za watu, ukayafute mbele za watu. Waeleze yote. Mimi sioni haya kuitwa mama mjinga. Yeye asiitwe mwizi."

Nilimtaka anipe bei ya kitanda na samaki, akaniambia siku ya Sabato hapokei kitu. Nikamuuliza basi mechi ataifuatiaje, maana mechi zetu hazitangazwi redioni.

"Nitakaa ndani, nifunge madirisha. Wavuvi wakifunga, mji huu unapiga kelele hadi kuku wanaruka. Lakini Dhahabu wakifunga, watu wote hawa watanyamaza." Alitazama kule uwanjani. "Uwanja ukinyamaza, nitajua ni mwanangu."

Saa tatu lori la Chacha lilifika, chupa tupu zikipiga kelele kuliko zilizojaa. Njiani nilimsimulia yote. Alisimamisha gari kabla ya Rodi Kopany, akazima injini, akanitazama kana kwamba nimemwambia ziwa limekauka.

"Bwana kinyozi, hata mimi nilimwita mwizi! Mimi! Na kaptula hii!"

Tukaendelea hadi Rongo. Kule aliniomba nikamchukulie chupa tupu dukani kwa mama mkwe wake, nimpelekee na salamu, na habari kwamba tumbo limepona. Safari hii sikucheka. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Migori, saa nane mchana leo. Kabla ya kupita kibandani nilikwenda nyumbani kwa Nyundo, nyuma ya soko. Akinyi aliiona leso kwa mbali, akashika kifua, akadhani nimeleta msiba. Nilimweleza kwa maneno machache, naye akanisikiliza bila kupepesa. "Miaka yote hii," akasema, "mimi humwuliza kuna nini Homa Bay, ananiambia uwanja ule una mashimo." Akaichukua leso, akaianika kwenye kamba ya nguo mbele ya mlango.

Nyundo alitoka kumwaga maji ya kunawa. Akaiona. Beseni lilibaki limeinama mkononi na maji yakamwagikia miguuni, wala hakuyasikia. Alinitazama mimi, adui yake wa misimu mitatu, mwenye sauti anayoijua hata katikati ya watu elfu.

"Amebaki nyumbani?" akauliza.

"Amebaki. Na amesema niwaeleze watu. Ukikataa, sitasema."

Aliitazama leso. "Waeleze," akasema. "Kuitwa mwizi kunauma zaidi." Kisha akaingia ndani, akatoka na viatu vyake vya mpira, akaketi kizingitini chini ya leso akaanza kuvipangusa vumbi. Nilikwenda kwa kocha nikamwambia ushahidi nimeupata, na kwamba kesho namba tisa ni yuleyule.

Ndiyo maana naandika karatasi hizi na kuzibandika mlangoni kwangu kabla basi la mashabiki halijaondoka. Niliyojifunza Homa Bay ni haya: kuna mtu anayeweza kushindwa kwa heshima, na kuna mwingine anayeweza kumwangusha mwenzake kwa mapenzi, na sisi watazamaji tukaona wizi mtupu. Sina hamu ya kutukana tena, na kwa shabiki wa Dhahabu hilo ni jambo la kutisha.

Lakini nina ombi, na najua hakuna shabiki aliyewahi kuombwa hivi. Kesho imbeni, pigeni ngoma, mtukaneni refa mtakavyo. Ila Nyundo akiusukuma mpira ndani ya lile goli la upande wa ziwa, nawasihi, wa Migori, wa Isebania, wa Karungu, mtu yeyote asipige kelele. Shikeni midomo yenu kwa mikono miwili. Wavuvi watakuwa wamenyamaza, nanyi nyamazeni nao. Pale nyuma ya nyavu, chini ya mabati ya kijani, kuna mama amefunga madirisha anasikiliza. Mwacheni asikie kwanza, ndipo tushangilie.